Mikanda Niliyoshona

Jumamosi, 5 Julai

Jumamosi ni ya Mama. Nimefunga kibanda changu cha kushonea mapema, nikaoga, nikanunua ndizi mbivu na samaki, migebuka ya kukaanga, kisha bajaji hadi kwenye makao ya wazee.

Mama alikuwa barazani kama kawaida. Ameogeshwa, amepakwa mafuta, gauni safi. Amelala. Siku hizi analala kila ninapokwenda. Nilimlisha ndizi vipande vidogo, akameza bila kufumbua macho. Samaki nikawaachia jikoni. Rehema, binti anayewahudumia, anasema ugonjwa wa kusahau ndivyo unavyokwenda, mwishowe mtu anarudi kulala kama kichanga. Nimeamini. Yeye yuko nao kila siku. Mimi ni wa Jumamosi tu.

Mama Pendo, mwenye makao, amenipa tena kazi ya kushona. Mikanda ya kitenge, mirefu, upana wa kiganja, mshono mara mbili. Ya kufungia magodoro yakianikwa, anasema. Ile ya mwezi uliopita imemfaa sana, haikatiki. Nilifurahi kusifiwa.

Nafurahi pia kwamba makao haya yapo. Wakati wa masika Mama alitoka nyumbani hapa Kasingirima akatembea kwa miguu mpaka Kibirizi, anatafuta boti ya kwenda kwao Kagunga. Wavuvi walimtoa ziwani, maji yamefika kifuani, kikapu bado kichwani. Baada ya siku ile nikawa sishoni, nachungulia mlango tu. Kaka yangu Idi, aliyeko Tabora, ndiye aliyeulizia akapata makao haya.

Analala sana. Lakini yuko salama.

Jumatano, 9 Julai

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilimaliza mikanda. Nilikuwa na sare za shule za kupeleka upande ule, nikaona nipite niiache. Sijawahi kwenda siku isiyo Jumamosi. Mama Pendo hataki, anasema wageni wanawavuruga wazee. Geti lilikuwa wazi, gari la maji linaingia. Nikaingia nyuma yake.

Barazani hapana mtu. Redio imefunguliwa kwa sauti ya juu kabisa. Nikazunguka nyuma, kwenye ujia wa jikoni.

Wamepangwa ukutani kwenye viti vya plastiki. Wamefungwa. Mkanda kifuani, mkanda mapajani, wengine na mikono. Mikanda yangu. Niliitambua kabla sijawatambua watu. Kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Nilikikata mwenyewe, nikakishona mara mbili ili kisikatike.

Mama alikuwa katikati yao. Kichwa kimeanguka begani. Mate. Chini ya kiti mkojo, na inzi. Aliyekuwa macho ni Mzee Bulambo peke yake, yule aliyekuwa fundi wa injini za boti. Alikuwa anavuta mkanda wa mkononi. Anavuta, anapumzika, anavuta. Hakunitazama.

Rehema akatokea bafuni, mikono ina povu. Akasimama.

"Dada Sauda. Leo si Jumamosi."

Ndilo alilosema. Hilo tu.

Fundo la mkanda wa Mama lilinishinda. Nikachukua kisu jikoni, nikakata. Nilipomwinua Mama gauni lilikuwa limegandamana na kiti. Harufu. Nikamgeuza. Chini ya mgongo kuna shimo. Si mchubuko. Shimo. Ndani kuna weupe, na sitaki kujua weupe ule ni nini.

Nilipiga ukelele. Ukelele wa msibani. Wazee hawakuamka. Hata mmoja hakushtuka.

Mama yuko wodini. Niko kwenye benchi la nje.

Alhamisi, 10 Julai

Daktari ni msichana mdogo, mkali. Kidonda kina muda gani? Sijui. Anakunywa maji kiasi gani kwa siku? Sijui. Anapewa dawa gani? Nikasema vitamini, ndivyo nilivyoambiwa. Akamfunua kope Mama, akamulika, akanigeukia.

"Vitamini hazimlazi mtu hivi, mama."

Nikampigia Mama Pendo. Mpole kabisa. Akanipa pole. Akasema ngozi ya mzee ni laini, kidonda kinaweza kutokea ghafla. Nikamuuliza dawa. Akasema ni ya kumtuliza tu, inasagwa kwenye uji. Uji wa nani? Wa wote, akasema, ili wasihangaike. Alisema kama mtu anayetaja chumvi.

Wa wote.

Nina hasira. Nina aibu. Nimekuwa nikimlisha ndizi mtu aliyeleweshwa, nikirudi nyumbani nikiwaambia majirani hali ya Mama ni nzuri, anapumzika.

Jumapili, 13 Julai

Mama ameamka.

Asubuhi muuguzi alikuwa anamsafisha kidonda. Mama akamdaka mkono akamtukana kwa Kiha, tusi la nguoni. Muuguzi ni mtu wa Kasulu. Alilielewa vizuri, akacheka mpaka ikabidi aache kazi kidogo.

Kiswahili kimemtoka chote. Kimebaki Kiha cha utotoni, cha kule Kagunga, kimechanganyika na Kirundi. Mimi nimekulia huku Ujiji, napata nusu. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia ni wako. Akanikagua juu mpaka chini, akasema yeye hana mtoto mzee kiasi hiki. Akataka uji. Akanywa, akataka tena. Akamsema mgonjwa wa kitanda cha pili kwa kukoroma.

Mimi nilikuwa nimeshamlilia. Nilidhani ndani hamna mtu tena. Kumbe alikuwa amezimwa.

Nilitoka nikakaa karibu na mabomba wanapofulia. Machozi hayakuja. Nilikaa tu mdomo wazi kama zezeta.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda kwa Mama Pendo. Tumekwenda wawili, mimi na Alimasi, mtoto wa Mzee Bulambo, anauza mafuta ya boti Katonga. Juzi nilipomweleza hakuinua uso. Nilidhani haniamini. Leo njiani akaniambia baba yake aliwahi kumnyooshea mikono ina alama, yeye akadhani mzee anajikuna.

Mama Pendo alituletea soda. Sikuigusa. Nikamwambia nakwenda ustawi wa jamii, na polisi nitakwenda. Hakubisha. Akachukua simu yake, akabonyeza, akaiweka mezani, spika imewashwa.

Akajibu Idi. Kaka yangu.

"Baba Jamila," Mama Pendo akasema, "hebu mweleweshe mdogo wako tulivyokubaliana."

Pikipiki zinapita huko Tabora.

"Sauda. Mimi ndiye niliyesema wamfunge."

Nilisikia vizuri. Hata hivyo nikamuuliza amesema nini.

"Nimesema wamfunge. Bora afungwe kuliko azikwe. Siku ile ya Kibirizi mtu alinitumia picha, Mama amelazwa mchangani, nguo zimemganda. Nilijua amekufa. Nilikaa na picha ile mpaka wewe uliponipigia. Wewe ulimkuta amekaa anakunywa chai."

"Na dawa?"

"Dawa sikuulizwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

Nikatoka. Nilisimama getini, jua kali, sioni barabara. Mtu niliyenyonya naye ziwa moja. Kila Jumamosi alikuwa ananipigia kuuliza Mama anaendeleaje. Anauliza huku anajua.

Nikifikiri sana, siku ile alipotolewa majini, kama mtu angeniambia mfunge, sijui ningejibu nini. Hilo linanitisha. Naandika nilitoe kifuani.

Ijumaa, 18 Julai

Ustawi wa jamii. Afisa ni mama wa makamo, sauti ya chini. Alisikiliza mpaka mwisho. Atakuja Jumatatu.

Idi amepiga. Sikupokea.

Mama ametembea mpaka dirishani. Kidonda hakinuki tena.

Jumatatu, 21 Julai

Walijua tunakuja.

Makao yananukia sabuni. Wazee wote barazani, nguo za sikukuu, hakuna mkanda hata mmoja. Wamelala vizuri, vichwa kwenye mito. Mama Pendo amejifunga kilemba kipya. Afisa anauliza, yeye anajibu. Nikajiona nimekuwa mwongo mbele ya watu. Alimasi akapandisha mikono ya shati la baba yake akaonyesha alama. Mama Pendo akasema mzee hujiviringisha kwenye chandarua akilala. Alisema bila kupepesa jicho. Sikujua binadamu anaweza kusema uongo kwa utulivu ule.

Rehema alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Akaliweka chini.

"Ninayewafunga ni mimi."

Mama Pendo akamwambia aende jikoni. Hakwenda.

"Mchana niko peke yangu na wote hawa. Nikimwogesha mmoja, mwingine yuko barabarani. Kuna bibi alianguka akavunjika nyonga, mimi niko chooni nimemshika mwenzake. Alilia mpaka nikaziba masikio. Kuanzia hapo nawafunga. Nikiomba mtu wa kunisaidia, naambiwa ongeza kidonge."

"Umefukuzwa kazi," Mama Pendo akasema.

"Hebu kaa chini kwanza," afisa akamwambia Mama Pendo. Kwa sauti ileile ya chini. Akakaa.

Kisha tukaenda jikoni. Vidonge viko kwenye kopo la majani ya chai, karibu na sukari. Mikanda yangu imefuliwa, imekunjwa, iko kabatini. Imekunjwa vizuri kabisa, kona kwa kona.

Nilikwenda nikimchukia Rehema. Nimerudi sijui nimchukie nani. Anaonekana hajalala siku nyingi. Ana umri wa kuwa binti yangu.

Jumamosi, 26 Julai

Kikao cha ndugu wa wazee. Nilidhani leo watu watapandwa na hasira kama mimi.

Mama mmoja, mwalimu, amevaa vizuri, akasimama akasema baba yake akiachwa bila kufungwa atatoka, na akitoka atagongwa, na yeye hataki kuletewa maiti. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwingine akasema anajua kuhusu dawa na hana neno, nyumbani mzee alikuwa anawapiga wajukuu. Mwingine akanitazama mimi moja kwa moja akauliza, wewe uliyemtoa mama yako, ukishindwa utampeleka wapi?

Walijua. Si wote. Lakini walijua wengi, na Jumamosi tulikuwa tunakaa nao barazani tunakula ndizi.

Nilisimama kujibu. Alimasi akanitangulia kusema. Akasema baba yake alitengeneza injini za nusu ya boti zinazokwenda Kagunga, na leo mikono yake ina makovu kama ya mwizi. Akasema yeye hamlaumu mtu, ila kesho anakuja na wenzake wa Katonga na waya na nguzo wazungushie ua mzima, anayetaka kutembea atembee humo ndani mpaka achoke. Anayeweza kusaidia aje.

Afisa akasema makao hayafungwi, maana hakuna pa kuwapeleka. Nilitaka kupinga. Nikawatazama wale wazee, nikakaa. Ametoa amri: hakuna kufunga mtu, hakuna kidonge bila daktari, wahudumu waongezwe, ndugu waingie siku yoyote bila kupiga hodi. Rehema anabaki. Mama Pendo ana kesi ya kujibu, na kuanzia sasa kila neno lake afisa analiangalia.

Nimerudi nyumbani nikiwa mtupu. Nilidhani nitamkuta mbaya mmoja.

Jumatano, 30 Julai

Mama karuhusiwa. Nimemleta kwangu. Muuguzi wa Kasulu amenionyesha namna ya kuosha kidonda na kumgeuza ubavu. Nimehamishia cherehani chumbani.

Anauliza hii ni nyumba ya nani. Kila baada ya muda kidogo anauliza. Najibu.

Jumatatu, 4 Agosti

Siku mbaya.

Amechana gauni la bibi harusi ninaloshona. Kesho kutwa ni harusi. Amemwaga maji ya kuoshea kidonda kitandani. Ameshika pasi ya mkaa, nikamnyang'anya, akanipiga kofi. Akatoka nje bila nguo, majirani wakanisaidia kumrudisha. Akaniita mchawi. Akalia anataka mama yake. Mama yake alikufa mimi sijazaliwa.

Mchana alitoka tena. Nikamrudisha. Akatoka tena.

Kwenye meza ya kukatia kulikuwa na kipande kirefu cha kitambaa. Nilikishika. Nilikiangalia, nikamwangalia Mama kwenye kiti. Nilikuwa nahesabu kichwani kama kitazunguka.

Nimekitupa nje. Mimi. Mimi niliyepiga ukelele kwenye ujia ule.

Nikampigia Idi. Sikumsalimia. Nikamwambia njoo. Akasema dukani hana mtu. Nikamwambia leo nimeshika kitambaa. Kisha akasema anaangalia ratiba ya treni.

Alhamisi, 7 Agosti

Idi amefika na treni. Amekonda. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwambia. Alipoingia Mama alimfokea kwa Kiha kwa nini anaingia na viatu, yeye nani. Akatoka akavua viatu mlangoni, akaingia tena akapiga goti. "Shikamoo, Mama." Mama hakuitikia. Kiswahili hana tena.

Ulikuwa wakati wa kuosha kidonda. Nikamwambia ashike taa. Ningeweza kumtoa nje. Sikumtoa. Nilitaka aone.

Nilipofungua bandeji taa ikaanza kutikisika. Kidonda kimepona karibu nusu, hakina weupe tena, lakini bado ni shimo. Aliangalia mpaka nilipomaliza. Akaweka taa chini taratibu, akatoka uani. Nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata Baba alipofariki hakulia vile.

Sikumfuata. Nilikunja bandeji. Baadaye nikampelekea chai.

"Mimi niliona picha ile tu," akasema. "Kila nikifumba macho. Sikuwahi kuona hii."

Nikamwambia najua.

Sijamsamehe. Lakini leo nimelala usingizi mchana kwa mara ya kwanza, yeye akiwa na Mama.

Jumapili, 17 Agosti

Nilipita kwenye makao. Nimeingia bila kupiga hodi. Ua umezungushiwa waya, na wameacha kivuli upande wa miembe midogo. Wahudumu wako watatu sasa. Kelele nyingi, wazee wameamka, wawili walikuwa wanagombea kiti. Mzee Bulambo anatembea kufuata waya, anazunguka, amevaa kofia ya Alimasi. Rehema alikuwa anakula amekaa. Alinisalimia, nami nikamwitikia. Hatukuwa na mengi.

Idi amemwachia mkewe duka. Atakaa mpaka kidonda kifunge. Baada ya hapo hatujui. Labda nitampeleka Mama kule mchana na kumrudisha jioni. Labda haitawezekana. Tunazungumza polepole, tunakosana, tunazungumza tena.

Jioni Mama alisimama akachukua kanga yake akasema anakwenda kwao. Idi alikuwa anamenya mihogo. Akaweka kisu chini, akavaa ndala, akamfungulia mlango.

Mama mbele, yeye nyuma, hatua chache tu. Niliwatazama nikiwa nimesimama kizingitini. Mama alisimama kwa kila jirani. Mwakeye, mwakeye, anasalimia salamu ya asubuhi na jua linazama, na watu wanamwitikia hivyohivyo. Wakashuka mpaka wanapoanika dagaa. Wakakaa mchangani.

Walirudi kiza kimeanza kuingia. Mama alikuwa amechoka, amemshika Idi mkono, anamwita kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekufa. Idi anaitika.

Nimepasha maji. Miguu ya Mama ina mchanga.